Jibu: Tuna kamati, tuajiri na mratibu wa harusi?
Hongera sana dada. Umesema kamati ipo, michango inaingia vizuri, na unajiuliza kama mratibu wa kulipwa si hela ya kutupa. Kwa siku yenyewe, kamati haitoshi. Inafaa sana kufuatilia ahadi na kubana bei za wapambaji kwenye vikao, lakini ikifika saa mbili usiku mwenyekiti kavaa sare, yuko meza ya mbele, na mpishi anatafuta wa kumwambia sahani zimepungua. Atamfuata mama yako! Hilo linaniuma, maana mama siku hiyo anatakiwa awe anacheza.

Mratibu wa kupanga kila kitu tangu mwanzo sikushauri, mtalipia kazi ambayo kamati inaifanya bure. Chukueni wa siku ya tukio tu, mkabidhini ratiba na namba za MC, mpambaji na mpiga picha wiki mbili kabla. Mwulize wazi kama anapokea kamisheni kwa watoa huduma anaowaleta, na kama atakuja mwenyewe au atatuma msaidizi. Yaandikwe kwenye mkataba, na bakizeni salio la kulipa baada ya sherehe. Ila kama ni wageni hamsini nyumbani kwenu, shangazi mmoja mwenye msimamo anawatosha.