Ukitaka kuimudu shakuhachi, anza na sauti moja

Wanamuziki wenzangu wakisikia napiga shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Wajapani, huniuliza waanze na wimbo gani. Jibu langu halibadiliki: wekeni nyimbo kando, pulizeni ro.

Ro ni sauti ya chini kabisa, matundu yote matano yakiwa yamezibwa, manne ya mbele na moja la nyuma. Mimi huipuliza kila siku kabla ya zoezi lingine lolote, pumzi moja hadi iishe, kisha nyingine. Kichwa kikianza kuzunguka, napumzika. Nilitoka kwenye saksafoni, na najua kinachowasumbua watu wa aina yangu: vidole vina kasi na masikio yamekomaa, lakini midomo ni migeni kabisa. Shakuhachi haina kipande chembamba cha kutetema mdomoni kama cha saksafoni, wala njia ya kuongoza hewa. Ina ukingo uliochongwa tu, na midomo yako ndiyo inayoifikisha hewa pale. Kidevu nacho kina kazi: ukikiinamisha sauti inashuka, ukikiinua inapanda, na ndivyo matundu matano yanavyotoa noti nyingi kuliko idadi yake. Wajapani husema kujua kuitikisa shingo tu ni miaka 3. Waamini.

Halafu tafuta mwalimu mmoja, ukae naye. Kuna mikondo ya upigaji: wafuasi wa Kinko na wa Tozan, ule ulioanzishwa na Nakao Tozan mwaka 1896, huandika muziki wao kwa namna tofauti, na anayeanza akichota huku na kule atapotea. Usitarajie maelezo mengi. Mwalimu wangu alikuwa anaketi mbele yangu, tunapiga pamoja, nami namfuata pumzi kwa pumzi.

Mtazame Riley Lee, Mmarekani. Alianza kujifunza Japani mwaka 1971, na mwaka 1980 akawa mtu wa kwanza asiye Mjapani kupewa daraja la dai shihan, yaani mwalimu mkuu. Alifanya mazoezi peku kwenye theluji na chini ya maporomoko ya maji. Simtumi mtu kwenye theluji, ila hiyo miaka 9 naomba muitafakari.

Kuhusu kununua, ya plastiki inatosha kabisa kuanzia. Urefu wa kawaida ni sentimita 54 hivi. Ukifika kwenye ya mwanzi, ihifadhi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, maana hewa kavu huipasua.