Maswali na Majibu: Simu Isikuzungushe

Kila nikinunua umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla hapa Zanzibar, lazima niisake karatasi yenye namba ya mita. Hakuna njia fupi? (Bi mmoja, Jang'ombe)

Ipo, dada yangu. WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe tangu 2022: anza gumzo jipya, jina lako utaliona kwenye orodha. Jitumie namba ya mita, kisha libane gumzo hilo likae juu daima. Siku ya kununua, shikilia ujumbe, nakili, ukabandike pale panapoulizwa namba. Ujumbe wenyewe uwe namba tupu. Ukiandika "mita ya nyumbani" mbele yake, na maneno hayo yatanakiliwa, malipo yakatae. Mwenye mita mbili atume jumbe mbili. Tokeni ikija, kuibonyeza kwenye mita ni kazi ya vidole vyako. Hapo simu haina msaada.

Na namba za kufungulia menyu ya pesa je? Nachoka kuandika nyota na reli. (Muuza samaki, Darajani)

Ihifadhi kama namba ya mtu. Fungua anwani mpya, jina weka "Pesa", namba weka *150*00# kama uko M-Pesa. Simu nyingi za Android ukiipiga hiyo, menyu inafunguka. Namba ya siri usiihifadhi humo kabisa, hata kwa jina la shangazi.

Mama yuko Wete, macho hayaoni vizuri. Akitaka kunipigia anapotea kwenye majina. (Kijana, Fuoni)

Ukienda kumtazama, ichukue simu yake. Shikilia kidole kwenye nafasi tupu ya kioo, chagua wijeti (vipande vya programu vinavyokaa kwenye kioo), tafuta ile ya anwani inayopiga moja kwa moja, kisha mchague wewe. Picha yako itakaa pale, akiigusa, inaita. Weka watu wawili watatu, si ukoo mzima. Tena iweke katikati ya kioo. Ukipigiwa usiku ukasikia vishindo tu, jua simu imefungwa kwenye upindo wa kanga na kioo kinawaka, basi mfundishe kukizima.

Boti ikishaondoka Malindi ndiyo kamera inafunguka! (Msafiri, Mkoani)

Kwa simu nyingi za Android, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili upesi. Isipofunguka, iruhusu kwenye mipangilio, sehemu ya ishara.

Nipakue programu gani ya kuharakisha simu? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Hata moja. Nyingi zinakuja na matangazo, na kila tangazo lataka ulifunge.