Bili ya ambulensi na "wasafisha krediti"

SWALI: Mwaka jana nilizidiwa na pumu usiku nyumbani hapa Des Moines, Iowa, jirani akapiga 911. Bima ya kazini ninayo. Sasa, baada ya miezi minne, kampuni ya kukusanya madeni imeniandikia ikinidai dola 1,860 za ambulensi. Kaka mmoja wa kanisani anataka nimpe dola 700 alifute deni kwenye krediti yangu. Ikishindikana, anitafutie namba mpya ya tarakimu tisa ya kuombea mikopo. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata senti, dada yangu. Anataka kukufutia deni ambalo bado halijaingia kwenye rekodi yako. Tangu Julai 2022, Equifax, Experian na TransUnion, yaani zile kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo na malipo ya watu (krediti), husubiri mwaka mzima kabla ya kuandika deni la matibabu lililofika kwa wakusanyaji, na likishalipwa huliondoa. Tangu Aprili 2023 haziandiki kabisa deni la chini ya dola 500. Lako linaweza kuingia, ila muda wa kulishughulikia unao.

Bima yako imewahi kuiona bili hii? Mtu anapobebwa akihema kwa shida, hakuna anayemdai kadi ya bima. Mara nyingi ofisi ya bili humwandika kama asiye na bima na deni lote likamfuata yeye. Ipigie kampuni ya ambulensi yenyewe, uombe bili yenye mchanganuo. Utakuta misimbo ya huduma: A0427 au A0429, yaani safari ya dharura kulingana na huduma uliyopewa njiani, na A0425, yaani maili. Ukikosa mstari wa bima, wape namba za kadi yako na uwatake wapeleke madai wiki hii hii, kwa sababu bima huweka ukomo wa kuyapokea. Wakusanyaji nao waandikie kupinga deni ndani ya siku 30 tangu upate taarifa yao. Sheria inawalazimu kusimamisha madai mpaka wakuletee uthibitisho. Barua hiyo itume kwa rejista, ubaki na nakala.

Bima ikilipa sehemu tu, salio laweza kuwa lako kweli. Sheria ya shirikisho iitwayo No Surprises Act, iliyoanza 2022, inamkinga mgonjwa na bili za ambulensi za ndege, lakini za barabarani iliziacha nje. Omba punguzo au awamu, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Sasa hii biashara ya "kusafisha krediti". Inazunguka makanisani, misikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp, na inawamaliza watu wetu. Wengi wa hao wasafishaji huziandikia zile kampuni tatu kwamba deni si lako. Likithibitishwa linarudi palepale, na uongo umesemwa kwa jina lako. Sheria ya shirikisho inawakataza kudai malipo kabla kazi haijakamilika. Anayetaka 700 mkononi kwanza keshaivunja.

Hiyo namba mpya ndiyo hatari kabisa. Mara nyingi ni namba ya Social Security, yaani namba ya utambulisho inayotolewa na serikali, ya mtoto, mfungwa au marehemu. Ukiijaza kwenye fomu ya mkopo umetenda jinai, na kwa asiye raia, kesi ya udanganyifu inaweza kumpotezea hata ukaazi. Muuzaji wakati huo hapokei simu.

Wala msiwasikilize wanaosema serikali imeshafuta madeni ya matibabu kwenye krediti. Kanuni ya Januari 2025 iliyotaka kufanya hivyo ilibatilishwa na jaji wa shirikisho huko Texas Julai mwaka huohuo, kabla haijaanza kutumika. Baadhi ya majimbo, kama New York na Colorado, yana sheria zao.

Na kama mtu wa aina hii tayari anayo namba yako ya Social Security, funga rekodi zako za krediti leo kwa kampuni zote tatu, moja moja. Ni bure. Kisha chukua ripoti zako kwenye AnnualCreditReport.com, nazo ni bure, uangalie kama kuna akaunti usiyoifungua wewe.