Kabla hujachora thurea, panda darini

Nilipopewa kazi yangu ya kwanza ya kubuni taa kubwa ya hoteli, tena hoteli iliyo ndani ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, nilianzia kwenye karatasi. Nikachora thurea ya matawi 36, ngazi tatu, vioo vikishuka kama mvua ya masika. Mwenye hoteli akaipenda. Mimi nikaipenda zaidi. Kwa hesabu za fundi chuma ingefika kilo 180, na hatukujiuliza itaning'inia kwenye nini.

Aliyeuliza ni fundi mzee wa chokaa aliyekuwa akiziba nyufa ghorofa ya pili. Akanipandisha juu, akaanza kugonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio. Mbili za mwanzo zililia kavu. Ya tatu ikatoa sauti ya debe tupu. Akachomeka kisu, kikazama mpaka kwenye mpini. Mchwa walikuwa wameshamaliza karamu yao zamani, wakabakisha ganda na rangi.

"Mwanangu," akaniambia, "boriti hizi zimekula chumvi kuliko mimi na wewe. Za nini kuzitwika mzigo mwengine uzeeni?"

Tangu siku hiyo sishiki kalamu kabla sijapanda darini. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa boriti za mikoko, ambazo hazivuki sana mita tatu, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Boriti hizo zimezoea kubeba sakafu ya mawe na chokaa iliyotandazwa sawasawa. Mzigo wa kudonoa mahali pamoja ni habari nyingine. Tulichofanya ni kulaza mhimili wa chuma juu ya boriti bila kuzigusa, ncha zake zikikaa kwenye kuta, ambazo zilikuwa na unene wa zaidi ya nusu mita. Vitako vyake tulivijengea kwa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, na ukuta huanza kumomonyoka. Na kabla ya kutoboa chochote, pita Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kibali hakiombwi baada ya tundu.

Wateja hupenda kuniletea picha ya thurea ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos kule Muscat, Oman: mita 14 kwenda chini, tani 8.5, taa zaidi ya elfu. Naipenda pia. Lakini kuba lile lilijengwa likijua litabeba nini. Nyumba yetu hii ya Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, haikuambiwa.

Basi nikapunguza. Neno thurea lenyewe ni la Kiarabu, jina la zile nyota tunazoziita kilimia, yaani kundi la nuru ndogondogo zilizosogeleana. Nikaacha kioo cha kristali, ambacho ni kizito kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo, nikatumia vioo vyepesi vya rangi, vyekundu, buluu na kijani, kama vile vilivyokuwa tayari juu ya milango ya roshani ya nyumba hiyo. Taa ikashuka hadi kilo 74. Mwenye hoteli alikuwa akitaka umbo la jahazi. Nilikataa kwa adabu. Pwani nzima hii kila hoteli ina jahazi mahali fulani, likiwa si taa basi ni kitanda.

Lakini kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa jingine. Thurea ilikaa kwenye uwazi wa ua wa ndani, ngazi zikiuzunguka. Nilikuwa nimeichora kwa jicho la mtu aliyesimama mapokezi, shingo juu. Siku ya kuiwasha nikapanda ghorofa ya tatu kupiga picha, nikaona kile ambacho mgeni wa vyumba ghali angekiona kila asubuhi akienda kunywa chai: mafundo ya waya, gundi, na vumbi. Ilibidi tuishushe na kuitengenezea kofia ya shaba ya manjano iliyotobolewa nakshi. Siku hizi natengeneza kwanza pete ya mianzi yenye ukubwa ule ule, naivisha shuka, naitundika siku mbili, kisha nazunguka ghorofa zote. Gharama yake haifiki hata bei ya kioo kimoja.

Halafu kuna kumbikumbi. Vikombe vyangu vya kioo vilikuwa vinatazama juu. Mvua ya kwanza ya masika ikanyesha, na asubuhi kila kikombe kilikuwa na shibiri nzima ya mabawa, mwanga umegeuka rangi ya chai ya rangi. Vikombe vitazame chini, au vifunikwe.

Mengine ni ya haraka. Hewa ya bahari hula chuma, kwa hiyo mnyororo na skrubu ziwe za stenlesi namba 316, chuma kisichoshika kutu upesi, na usiziache zigusane na shaba bila kuweka plastiki katikati. Balbu ziwe za LED zenye mwanga wa manjano, kelvini 2,700 kwa kipimo cha rangi ya mwanga. Zaidi ya hapo hoteli itafanana na duka la dawa. Kabla ya kutundika taa, mimi hutundika mifuko ya mchanga yenye uzito wake mara nne na kuiacha usiku kucha.

Na weka winchi. Taa isiyoshuka haifutwi, kwa sababu hakuna mhudumu atakayepanda ngazi ya mita nane kila mwezi kwa ajili yako. Yetu inashushwa Jumatatu, wageni wakiwa wachache. Wahudumu wawili hukaa chini mkekani na vitambaa vyao, na chini ya ngazi kuna sanduku lenye vioo 40 vya akiba. Mpaka sasa wameshavunja 11.