Utaanza na Jembe: Kwa Wanaoingia Kuchunguza Koti la Dunia Uganda

Wengi wanaoingia jiofizikia wana hamu ya kuchora ramani ya kilomita 400 chini ya Fort Portal. Ni hamu nzuri. Lakini rangi za ramani hiyo hutokana na mawimbi ya matetemeko yaliyowahi au kuchelewa kwa sekunde moja hivi, mara nyingi chini ya hapo, na sekunde hiyo inaweza kuliwa na jani la mgomba lililofunika antena ya GPS, inayokipa kituo saa sahihi. Kwa hiyo kazi ya kuchunguza koti, yaani tabaka nene la mwamba moto lililo kati ya ganda la Dunia na kiini chake, huanza na jembe na daftari.

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta swali. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linafunguka milimita chache kwa mwaka, na katikati yake imesimama Rwenzori yenye mita 5,109, ambayo si volkano bali ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100, na Februari 1994 jingine likapiga eneo la Kisomoro. Ajabu iko kwenye kina. Matetemeko ya huku hushuka hadi kilomita 30 na zaidi, na chini ya Rwenzori yamewahi kunaswa machache ya kilomita 50 hadi 60, ndani ya koti kabisa, mahali ambapo mwamba wenye joto ulitarajiwa kunyumbuka badala ya kuvunjika. Arthur Holmes, ambaye tangu miaka ya 1920 alitetea wazo kwamba koti huzunguka polepole kwa nguvu ya joto, ndiye pia aliyechunguza lava za Toro na Ankole. Katungiti, mafuriti na uganditi ni majina ya miamba yaliyotoka huku.

Usisubiri kupewa vyombo. Mbarara kuna kituo cha mtandao wa dunia wa kunasa matetemeko, kwa alama MBAR, na data zake hupakuliwa bure. Jifunze lugha ya kompyuta ya Python na ObsPy, programu yake ya kuchambua mawimbi ya matetemeko, kisha chagua matetemeko ya ukubwa wa 5.5 kwenda juu yaliyotokea umbali wa nyuzi 30 hadi 90 (nyuzi moja juu ya uso wa Dunia ni kama kilomita 111). Wimbi la P, lile la haraka linalotangulia kufika, linapovuka mpaka wa koti na ganda, uitwao Moho, sehemu yake hugeuka kuwa S, wimbi la polepole zaidi, na kufika kituoni nyuma kidogo, ikionekana kama kilele kwenye mchoro. Kwa makadirio ya haraka, kila sekunde moja ya kuchelewa ni kama kilomita 8 za unene wa ganda. Ukipata sekunde 4.3 uko karibu na kilomita 35. Jibu la kilomita 70 ni dalili kwamba umekosea kusoma kilele, si ugunduzi.

Unene huo hutegemea uwiano wa kasi ya P kwa kasi ya S uliouchukua. Ukikosea uwiano kwa 0.1, unene unahama kilomita 4 hivi. Ndiyo sababu hatuishii kwenye wimbi la kwanza lililogeuka. Tunatafuta pia yale yaliyoruka kati ya uso wa ardhi na Moho, ili uwiano na unene vipatikane pamoja. Halafu kuna mtego wa mashapo. Kando ya Ziwa Albert mashapo yana unene wa kilomita kadhaa, na mawimbi hunaswa humo yakarudi na kurudi kama mwangwi wa debe tupu, hadi ishara ya Moho ikafunikwa. Ukiona vilele vinavyopishana kwa nafasi sawa, chanya na hasi, shuku mashapo kwanza.

Angalia pia upande ambao mawimbi yanatoka. Hindu Kush iko nyuzi 50 hivi kutoka kwetu na Sumatra kama 65, hivyo mashariki na kaskazini-mashariki utashiba. Magharibi ni njaa: matetemeko ya Chile yako karibu nyuzi 100, mbali mno kwa kazi hii. Hayo yahifadhi kwa wimbi la SKS, linalopita kwenye kiini na kukuonyesha madini ya koti yamejipanga kuelekea wapi.

Sasa saa, maana hapa wageni na wenyeji huanguka pamoja. Tuna saa tatu: ya Kiswahili, ya simu, na ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, inayotumika kwenye faili. Mkulima wa Bundibugyo akisema ardhi ilitikisika saa saba usiku wa kuamkia Jumatano, kwenye simu ni 01:00 ya Jumatano, na kwenye faili ni 22:00 ya Jumanne. Mtu hutafuta siku nzima tetemeko lililo kwenye faili la jana yake. Daftari la shambani liwe la UTC tu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuhusu kituo chenyewe, tafuta mwamba mgumu uliochomoza au ulio karibu na uso. Kaa mbali na barabara ya lami, mashine ya kusaga posho na mikaratusi mikubwa. Upepo unapoyumbisha mti, mizizi huuyumbisha udongo, na seismomita yako, yaani chombo cha kupima mitikisiko, inahisi yote. Chimba mita moja na nusu, shusha pipa la plastiki lililokatwa kitako, kisha mwaga sakafu ya zege bila nondo, ukigongagonga ili hewa itoke. Zege lisigusane na ukuta wa pipa. Likigusana, kila pipa linaposukumwa na udongo uliolowa, sakafu nayo inainama, na mwinamo mdogo usioonekana kwa macho huonekana kama wimbi refu kwenye mikondo miwili ya mlalo, ile inayorekodi mtikisiko wa kaskazini-kusini na wa mashariki-magharibi. Liache zege likauke siku kadhaa. Wenye haraka hufunga chombo kesho yake, kisha hulalamika kwamba hakitulii.

Kukielekeza chombo kaskazini kunahitaji subira. Simu, kisu, jembe na paneli ya jua viwe mita kadhaa kutoka kwenye dira. Huko Kisoro lava yenyewe ina sumaku, kwa hiyo pima kutoka sehemu tatu au nne na uzilinganishe. Ukikosea nyuzi 10, kila mwelekeo wa SKS utakaouchapisha umekosewa nyuzi 10 vilevile. Baadaye hakiki kwa wimbi la P la tetemeko la mbali ambalo mahali pake panajulikana.

Zungushia chombo sponji, kwa kuwa hewa inayozunguka ndani ya pipa ni kelele tosha, funika, kisha rudishia udongo. Mfumo unaokula wati 2 kwenye volti 12 unatumia kama amperi-saa 4 kwa siku. Betri ya amperi-saa 100 usiitumie kupita nusu, hivyo una siku 12 za mawingu. Paneli iinamishe nyuzi 10 hadi 15. Jua letu liko utosini, ila paneli iliyolala kabisa hushika vumbi na kinyesi cha ndege. Nyaya zipite ndani ya bomba na matundu yote yazibwe. Siafu, mchwa na panya hawasomi maandishi ya onyo.

Kabla ya yote hayo kuna vibali. Mtafiti huomba kibali kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ndani ya hifadhi huomba Mamlaka ya Wanyamapori. Lakini anayeamua kama kituo kitadumu ni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na mwenye shamba. Kaa nao, eleza mbele ya watu. Upande wa Hoima na Buliisa utaulizwa kama unatafuta mafuta, na kwingineko kama mashine inatabiri tetemeko. Jibu hapana kwa yote mawili, bila kuzungusha. Malipo ya mlinzi yaandikwe, na alipwe kwa tarehe iliyokubaliwa. Ukichelewesha, usishangae paneli ikiota miguu.

Kwenye meza, hisabati isiyokwepeka ni aljebra ya matriki, uchambuzi wa Fourier (kuligawa wimbi katika masafa yake) na nadharia ya mawimbi. Katika tomografia, yaani kuchora ramani ya ndani ya Dunia kwa nyakati za mawimbi, jaribu kwanza kurudisha sura bandia ya miraba uliyoitunga mwenyewe; mahali miraba inapovutika kufuata njia za mawimbi, usisome chochote hapo hata kama rangi inapendeza. Na ukiona mawimbi yanakwenda polepole, usikimbilie neno joto: mwamba ulioyeyuka kidogo au wenye kemikali tofauti nao huyapunguza kasi.

Rudi kituoni baada ya wiki mbili au tatu, kisha kila miezi mitatu, mara moja kabla ya mvua za Machi na nyingine kabla ya zile za Septemba. Ukifika, kabla hujagusa kitu, soma volti ya betri na hali ya GPS, uandike. Kwa sampuli 100 kwa sekunde, kituo kimoja hujaza takriban gigabaiti moja kwa mwezi. Nakili mara mbili kwenye diski mbili, fungua faili moja la kila mwezi ulione kwa macho, na diski hizo zisisafiri kwenye begi moja.