Jibu kwa aliyeuliza: niko mwaka wa kwanza chuoni Mombasa, nataka kuwa daktari wa meno, nianzie wapi?

Waalaykum salaam mdogo wangu, na hongera kwa kuingia chuo.

Kwa ambao hawakulisoma swali: ni binti wa Likoni, ameanza shahada ya biokemia hapa Mombasa. Alitaka udaktari wa meno, akaukosa kwenye mgao wa KUCCPS, chombo cha serikali ya Kenya kinachowapangia wanafunzi vyuo na kozi. Video alizotazama zimemwambia amalize kwanza miaka minne ya chuo, kisha afanye mtihani uitwao DAT, ndipo aombe shule ya meno. Anauliza achague masomo gani na autumieje muda wake tangu sasa. Ametaja pia kwamba huwapaka maharusi hina na piko ili kujipatia nauli. Mimi ni daktari wa meno, mzaliwa wa Majengo. Nilisomea Nairobi na sasa nafanya kazi hapa hapa nyumbani, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Hizo video ziweke kando kwanza. Wanaozitengeneza wanazungumzia Marekani, na kwao ni sahihi kabisa. Kule mtu husoma chuo miaka minne, akapita kwenye bayolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, akafanya huo DAT, kisha akaingia shule ya meno kwa miaka minne mingine. Hapa kwetu mlango ni mwingine. Shahada ya udaktari wa meno inaingiwa moja kwa moja kutoka kidato cha nne, kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Inafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Nairobi ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa intanshipu, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, hospitalini, ndipo baraza la madaktari, KMPDC, linakupa leseni. Hakuna DAT. Ukikaa miaka minne ukingoja mtihani ambao huku haupo, umri utakuwa umekwenda bure.

Kwa hivyo jambo la haraka kuliko yote si kitabu, ni tarehe. KUCCPS huwa inafungua nafasi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuomba uhamisho kutoka chuo kimoja hadi kingine. Hufunguliwa mapema katika mwaka wa masomo na haikai wazi muda mrefu. Ili ukubaliwe, pointi zako za klasta, yaani zinazohesabiwa kutokana na masomo ambayo kozi inayataka, zifikie kiwango kilichomwingiza mtu wa mwisho kwenye kozi hiyo mwaka wako, na nafasi iwepo. Ingia kwenye akaunti yako leo ulinganishe pointi. Kama umepungukiwa kidogo tu, kuomba hakukudhuru. Kama umepungukiwa sana, usiliweke tumaini lako lote hapo.

Uhamisho ukikosekana, njia bado zipo, nami nitazitaja upesi kwa sababu kila moja inategemea mfuko wa nyumbani kwenu. Unaweza kumaliza biokemia vizuri kisha ukaomba meno ukiwa na shahada, huku ukijua kwamba utaanza upya na pengine utajilipia karo. Muhimbili, Dar es Salaam, nao wana shahada ya meno ya miaka 5, na Makerere wanafundisha pia. Ukisomea nje, ukirudi utapitia KMPDC kabla hujamgusa mgonjwa, basi waulize mapema kama chuo unachokilenga wanakitambua. Halafu kuna KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wenye diploma ya afya ya kinywa ya jamii na nyingine ya ufundi wa meno bandia. Watu wa Pwani wanazidharau diploma hizi, na mimi dharau hiyo inaniuma. Ofisa wa afya ya kinywa ndiye anayekwenda shule za msingi kukagua watoto, anaosha meno, anaziba na kung'oa. Nimefanya kazi na baadhi yao ambao mikono yao ningeiamini kwa mtoto wangu.

Marekani yenyewe, kama ndoto iko huko, ujue mambo mawili. Mkopo wa serikali yao hapewi mgeni mwenye viza ya masomo, na shule zao za meno ni ghali mno. Na aliyesomea meno huku akitaka kufanya kazi kule, majimbo mengi humtaka arudi darasani miaka miwili au mitatu. Sikukatazi. Nataka uyahesabu hayo kabla baba hajauza kiwanja.

Sasa tuje kwenye swali lako hasa, la kujitayarisha. Hapa nina msimamo, na najua wenzangu wengine humu watanipinga. Wanafunzi wengi hujitayarisha kwa kusoma habari za meno. Wanakariri majina na namba za meno yote 32, wananunua vitabu vizito. Hayo utafundishwa, na utafundishwa vizuri. Miaka ya mwanzo ya shahada hii kwa kweli si ya meno. Utasoma anatomia, fiziolojia na biokemia pamoja na wanaosomea udaktari wa mwili mzima, utakaa na maiti chumba kimoja, na mtihani hautakubagua kwa kuwa wewe ni wa meno. Wanaoanguka huangukia pale, kabla hawajashika hata kioo cha mdomoni. Na wanaovuka pale kisha wakaichukia kazi ni wale ambao hawakuwahi kuiona ikifanywa. Kwa hivyo jitayarishie hayo mawili, kemia ya mwili na kiti cha mgonjwa, na tayari uko mahali pazuri pa kuanzia.

Biokemia unayoisoma usiione kama kituo cha kungojea. Nitakupa mifano. Gamba la nje la jino, enameli, ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na huanza kuyeyuka pH mdomoni (kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi) ikishuka hadi karibu 5.5. Mtoto akila kashata, bakteria walioko kwenye ukoga huigeuza ile sukari kuwa asidi, na pH inashuka kwa muda kabla mate hayajairudisha juu. Akila kashata tena kabla mate hayajamaliza kazi yake, meno yanarudi kwenye asidi. Ndiyo maana mama akiniuliza kama mwanawe aache mabuyu na achari kabisa, namwambia ampe mara moja baada ya chakula, asimwache nayo mfukoni akayanyonya kutoka adhuhuri hadi magharibi. Ushauri huo wote umetoka kwenye kemia ya asidi na bafa (vitu vinavyozuia pH isibadilike sana, kama vilivyomo kwenye mate), mada ambayo darasani watu hulala.

Mfano wa pili ni ganzi. Mgonjwa anakuja na jino lenye usaha, shavu limevimba, unampiga sindano ya lignokeini na bado anaruka kitini. Wagonjwa husema dawa imekwisha nguvu. Dawa haina kosa. Sehemu yenye usaha ina asidi nyingi, na kwenye asidi chembe nyingi za lignokeini hubeba chaji, na zenye chaji hazipenyi utando wa neva. Aliyeelewa pKa, yaani pH ambayo nusu ya chembe za dawa huwa na chaji, anajua kwamba kuongeza dawa palepale penye usaha hakusaidii sana. Anaipiga mbali na uvimbe, kwenye shina la neva inayolihudumia taya, au anashughulikia usaha kwanza. Aliyekariri tu anaongeza sindano ya tatu na ya nne, na mgonjwa anatoka akiapa hatarudi kwa daktari wa meno.

Ndivyo hata harufu ya kliniki yetu ilivyo. Watu wa hapa huweka karafuu kwenye jino linalouma, na bibi zetu hawakukosea. Yujenoli iliyomo kwenye mafuta ya karafuu hutuliza neva, na sisi tukiichanganya na oksidi ya zinki tunapata kijazo cha muda ambacho bado kinatumika. Ukiingia kliniki ukasikia harufu ya pilau, ni hiyo.

Sasa kiti. Kabla ya mwaka huu kwisha, tafuta pa kukaa pembeni umtazame daktari wa meno akifanya kazi. Mombasa unaweza kuanzia Makadara, hospitali kuu ya Pwani, ambako kuna idara ya meno, au kwenye kliniki ya binafsi iliyo karibu nawe. Nenda mwenyewe asubuhi, umevaa nadhifu, na barua kutoka chuoni ikisema wewe ni nani na unaomba nini. Simu na ujumbe hupotea, mtu aliyesimama mlangoni hapuuzwi kirahisi hivyo. Ukikataliwa, shukuru uende kwingine. Ukikubaliwa, usipige picha ya mgonjwa hata mmoja, na unayoyasikia mle ndani yaishie mle ndani. Mombasa ni ndogo, na mgonjwa wako wa asubuhi ni shangazi wa mtu unayesoma naye.

Ukiwa pale usitazame jino peke yake. Tazama mgongo wa daktari saa nane mchana. Tazama damu na mate, usikie harufu ya kinywa kilichooza, ujiulize kama unaweza kuishi na hayo kila siku. Tazama anavyosema na mtu mwenye hofu, maana karibu kila anayeketi pale ana hofu, hata yule mpagazi wa bandarini mwenye kifua kama mlango. Sehemu kubwa ya ustadi wetu iko kwenye maneno yanayotangulia sindano, na Kiswahili chako cha nyumbani ni mtaji mkubwa. Wanafunzi wengi waliofundishwa yote kwa Kiingereza hushindwa kumweleza mzee wa Kisauni kwa nini jino lake halihitaji kung'olewa, na mzee anabaki anasema ng'oa tu, mwanangu.

Na sikiliza yanayorudiwa. Litakalokuhuzunisha ni hili: mama analeta mtoto wa miaka minane au tisa, gego limetoboka hadi kwenye mshipa, naye anasema si neno, ni la utoto, litang'oka. Kumbe ni gego la kudumu. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kutoka kumpisha, na wazazi hawalitambui. Kumwambia mama huyo ukweli bila kumvunja moyo ni jambo nililojifunza kwa kumtazama mwalimu wangu mmoja akilifanya, tena na tena. Sijaliona kwenye kitabu chochote.

Kuhusu mikono, usiache hina. Nasema kwa dhati. Kuvuta mstari mwembamba usiotetemeka kwenye ngozi ya mtu anayepumua na kucheka ni mazoezi ambayo wenzako watayaanzia chuoni. Mimi nilikuwa nashona kofia za vito na mama yangu, na nilipofika kwenye kuchonga meno ya nta nilihisi vidole vinakumbuka. Kule Kanada kwa miaka mingi mtihani wa kuingia shule ya meno uliwataka watahiniwa wachonge sabuni kwa vipimo, na hilo unaweza kulifanya jikoni kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kisu kidogo na rula. Chonga mchemraba, kisha mcheduara, pande zilingane. Halafu weka kioo mbele yako, ufunike mkono wako kwa karatasi usiuone ila kwa kioo, uchore duara na pembetatu. Itakuudhi sana mwanzoni. Meno ya juu tunayafanyia kazi tukiyaona kwenye kioo, mkono ukienda kinyume na jicho linavyodhani, kwa hivyo afadhali maudhi hayo yakuishie nyumbani.

Chanja homa ya ini aina ya B sasa hivi, usingoje chuo kikuambie. Ni dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Tunashika damu na vyuma vyenye ncha, na anayeanza kuchanjwa wiki moja kabla ya kuingia kliniki amechelewa.

Neno la pesa na subira, kwa sababu mzazi wako ataliuliza. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na moja ya hoja zake kuu ilikuwa vijana waliomaliza masomo wakasubiri kupangiwa vituo vya intanshipu, na malipo yao wakiwa huko. Wa meno walikuwamo. Kwa hivyo kwenye hesabu ya familia msimalizie siku ya mahafali, wekeni akiba ya miezi kadhaa ya kungoja.

Kitu kimoja hukukitaja kwenye swali lako, nacho ndicho kitakachoamua kama tuzungumze uhamisho au tuanze kupanga njia nyingine. Ulipata nini kwenye kemia, bayolojia na fizikia za KCSE? Kama fizikia hukuifanya, hesabu ilikuwa ngapi? Niandikie hapa hapa, na kama hutaki kuziweka mbele ya watu nitumie faragha, nitakujibu kabla ya muda wa uhamisho kufungwa.