Remind: "na" yako inapokuwa "au" ya mashine

Ukiandika `REM Fri 13 MSG Ijumaa tarehe 13`, Remind, programu ya kukukumbusha tarehe, haitasubiri Ijumaa iangukie tarehe 13. Itakukumbusha Ijumaa ya kwanza kuanzia tarehe 13 na kuendelea. Januari 2026 hiyo ni tarehe 16, Aprili ni tarehe 17. Mstari hauna kosa la sarufi, kwa hiyo hakuna onyo litakalotokea. Utapata tu ukumbusho siku isiyo yake.

Programu hii ya Dianne Skoll, inayosoma faili la maandishi matupu kwenye Linux na mifumo ya jamii ya Unix, ina lugha mbili ndani ya mstari mmoja. Ya kwanza ni sehemu ya tarehe. Humo nafasi kati ya maneno haina maana ya "na". Siku ya wiki ikifuatwa na namba, maana yake ni "siku hiyo, kuanzia tarehe hii". Siku za wiki zikipangwa pamoja, kama `REM Mon Thu`, maana yake ni "au". Ya pili ni ile inayofuata neno SATISFY (yaani sharti ambalo tarehe lazima itimize), na huko ndiko opereta `&&` (na), `||` (au) na `!` (siyo) zinakofanya kazi. Ijumaa ya tarehe 13 basi huandikwa hivi:

`REM 13 SATISFY [wkdaynum(trigdate()) == 5] MSG Ijumaa tarehe 13`

Hapo `trigdate()` ni tarehe inayopimwa, na `wkdaynum` hutoa namba ya siku yake ya wiki. Kwa mwaka 2026 utapata Februari, Machi na Novemba, basi.

Namba za siku zinawachanganya sana Waswahili, maana majina yetu yanahesabu kuanzia Jumamosi ilhali `wkdaynum` inaanza na Jumapili kama 0. Njia rahisi ya kukumbuka ni kutoa mbili kwenye jina: Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, Jumanne ni 2, Jumatano ni 3. Kisha Alhamisi 4, Ijumaa 5, Jumamosi 6. Anayeandika 3 akidhani ni Jumatatu atakumbushwa Jumatano.

Sasa mtego wenyewe. Tunasema "kikao ni kila Jumatatu na Alhamisi", na mkono unaandika `wkdaynum(trigdate()) == 1 && wkdaynum(trigdate()) == 4`. Lakini Remind hupima tarehe moja moja, na hakuna tarehe iliyo Jumatatu na Alhamisi kwa pamoja. Sharti halitatimia kamwe. "Na" ya mazungumzo inakusanya siku; `&&` inabana siku ileile moja. Hapo unahitaji `||`.

Kwenye kukanusha mambo yanageuka. "Isiwe Jumamosi wala Jumapili" ukiiandika `!= 6 || != 0` kwa kila upande, sharti litakuwa kweli siku zote, kwa sababu Jumamosi si Jumapili na Jumapili si Jumamosi. "Wala" ni `&&`. Ukiona ukumbusho wa siku za kazi unajitokeza wikendi, anza kukagua hapo.

Halafu kuna mabano. `&&` hufanyiwa kazi kabla ya `||`. Kikundi kinachokutana Jumatatu au Alhamisi ndani ya siku saba za kwanza za mwezi, ukikiandika bila mabano, utapata Jumatatu zote za mwezi, na Alhamisi ya wiki ya kwanza peke yake. Zungushia `||` mabano. Au bora zaidi, acha sehemu ya tarehe ibebe "au" na SATISFY ibebe "na":

`REM Mon Thu SATISFY [day(trigdate()) <= 7] MSG Kikao cha kikundi`

Mstari huu ni mfupi, na una nafasi chache za kukosea.

Ndani ya SATISFY tumia `trigdate()`, usitumie `today()`. Remind hutafuta tarehe inayofuata kwa mujibu wa sehemu ya kwanza, inapima sharti, likikataa inasogea kwenye tarehe nyingine. `trigdate()` inasogea nayo. `Today()` imesimama palepale, hivyo leo ikiwa Ijumaa kila tarehe 13 itakubalika, na ikiwa si Ijumaa zote zitakataliwa mpaka utafutaji ufike kikomo. Kikomo hicho ni `$MaxSatIter`. Matoleo ya zamani yaliweka 150. Ndiyo maana ni muhimu kuandika `REM 13` na si `REM` tupu: hatua 150 za mwezi ni zaidi ya miaka 12, hatua 150 za siku ni miezi mitano tu.

Alama za nukuu nazo si mapambo. `'2026-12-09'` ni tarehe, `"2026-12-09"` ni maandishi. Ukilinganisha tarehe na maandishi kwa `==` jibu ni 0 daima, bila malalamiko yoyote.

Si kila sharti linastahili SATISFY. Malipo ya tarehe 20 ukiyawekea "isiwe wikendi", mwezi ambao tarehe 20 ni Jumapili utarukwa wote, na hilo kwa mtu wa kodi ni faini. Unachotaka ni kusogeza; OMIT hutaja siku za kuachwa, na BEFORE husogeza ukumbusho nyuma hadi siku isiyoachwa:

`REM 20 OMIT Sat Sun BEFORE MSG Peleka ritani`

Desemba 2026 tarehe 20 ni Jumapili, hivyo ukumbusho utakuja Ijumaa tarehe 18. Sikukuu ziongeze mwanzoni mwa faili, kwa mfano `OMIT 9 Dec`, nazo zitahesabiwa.

Kabla ya kuliamini faili, endesha `remind -n kumbusho.rem` uone tarehe ijayo ya kila mstari, kisha `remind -c12 kumbusho.rem` upate kalenda ya miezi 12. Mstari ukikataa kueleweka, `-dx` huonyesha kila hesabu ya sharti, hatua kwa hatua, na `-dt` huonyesha tarehe iliyochaguliwa.